Miwani ya Mjomba na Buibui wa Mpwa

Nyumba ya geti la kijani,
Nyuma ya kiwanda cha sabuni.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa mpwa wangu, Bwana Wadudu,

Shika salamu zangu kabla hujashika kingine, na kama umetoka kazini sasa hivi, kaa kwanza, vua viatu, barua haikimbii. U hali gani huko? Kifua kimeacha kubana? Mara ya mwisho ulisema baridi ya hilo ghala inakuingia mpaka kwenye meno. Vaa koti nililokushonea. Najua mkono wa kushoto umezidi wa kulia, lakini baridi haina macho ya kukucheka. Sisi huku ni wazima wa kusimama. Tukikaa ndipo magoti yanapotoa ripoti.

Sasa simama. Nina tangazo, na halisomwi mtu akiwa amejinyoosha kitandani. Kwa heshima na taadhima, kwa niaba ya ukoo mzima, walio hai na waliotangulia, natangaza kwamba mimi, mdogo wake mama yako na fundi cherehani wa mtaa huu, nimeanza kuvaa miwani. Fremu ni nyeusi, nzito, na mkono mmoja unabana sikio. Mkazamjomba wako ameitazama akasema nafanana na karani wa mahakama aliyefukuzwa kwa rushwa. Nikamwambia karani wa aina hiyo angalau angekuwa amemjengea nyumba.

Kilichonipeleka kwa daktari wa macho ni suruali ya yule mwalimu wa hesabu wa shule ya jirani. Nilimshonea mfuko, mfuko nikaufunga mdomo kwa uzi imara. Akaja kuivaa dukani, akatia mkono, mkono ukagonga ukuta. Akaniuliza, "Fundi, mfuko huu ni wa kuwekea nini?" Nikamjibu ni wa akiba, kisichoingia hakitoki. Alicheka, lakini suruali ya pili amepeleka kwa fundi mwingine. Mzee akianza kuchekwa na wateja wake, ajue wanaaga.

Paa limevuja tena, palepale juu ya kitanda changu. Mkazamjomba wako anasema mvua inanijua kwa jina. Tumeweka beseni, na sasa usiku tunalala na saa ya maji: tii, tii, tii, mpaka mtu anaota anachelewa mahali.

Geti nalo limepakwa rangi upya, kijani kilekile, maana mama yako alikataa rangi nyingine. Alisema ukirudi usije ukalipita.

Hapo nimeshamtaja, basi niache kuzunguka.

Mama yako yupo. Nikisema yupo nina maana hiyohiyo, wala si zaidi. Anaamka, anafagia, anakunywa chai yake nusu. Simu anaitia kwenye mfuko wa gauni na kila akipita kwenye swichi anaichomeka, hata kama imejaa. Ikilia anaitazama kwanza uso wake, halafu anaipokea kwa sauti ya mtu aliyekosea nyumba. Hujapiga tangu siku ile. Najua siku gani, na wewe unajua.

Labda umesahau kwamba simu ya nyumba hii haina siri. Mama yako huweka sauti ya juu na kuishika mbali, kama thamometa. Nilikuwa sebuleni kwenye cherehani, nikalisikia kila neno. Yeye alikuambia kwamba buibui wako ametoroka, kwamba alisahau dirisha wazi. Wewe ukasema, "Kitu kimoja tu nilikuachia, mama. Kimoja. Hata hicho kimekushinda." Mguu wangu ukasimama juu ya pedali. Mama yako akasema, "Nisamehe, mwanangu." Ukakata.

Mpwa wangu, nakupenda, nami nimekubeba mgongoni ukiwa na surua, hivyo nina ruhusa ya kukuuliza jambo moja. Dirisha gani? Chumba chako kina dirisha moja, na wavu wa chuma uliopo pale uliupigilia wewe, kwa misumari yangu, ukisema buibui ni mjanja kuliko watu. Ule wavu hata mbu anapita kwa kuomba. Ulikaa huko ukakasirika wiki zote hizi, hukujiuliza? Au ukiwa mbali, mama yeyote anaweza kuwa mzembe?

Basi turudi ulipoondoka. Ulisema miezi sita. Buibui wako alikuwa mdogo kama kifungo cha shati, na jina lake la tarantula ulilifundisha mtaa mzima mpaka muuza maji akawa analitumia kama tusi. Ulimwachia mama yako, naye akaapa hataingia chumba kile. Kwa hiyo mafunzo yote ulinipa mimi. Maji kwenye kifuniko cha chupa, yabadilishwe kila asubuhi. Udongo uwe na unyevu upande mmoja, mkavu upande wa pili, achague mwenyewe. Nyenje asiyezidi tumbo lake, na asipoliwa atolewe, maana mlaji akiwa dhaifu huliwa yeye.

Na lile la mwisho ulilirudia mpaka nikakuita mwalimu mkuu. Akiacha kula asilazimishwe. Akitandika utando kama shuka na kulala chali, miguu juu, hajafa, anajivua gamba. Asiguswe, asipuliziwe, kasha la kioo lisisogezwe hata inchi. Alivyoingia mwenyewe kwenye ngozi ile, atatoka mwenyewe.

Mara ya kwanza nilimwona kwa macho yangu, enzi hizo bado yalikuwa macho. Nilikaa kwenye kigoda nikiwa na suruali ya mtu mapajani, sikushona hata mshono mmoja. Mpwa wangu, mimi nimevisha mabwana harusi na maiti, lakini sijaona vazi kama lile. Linapasuka ubavuni, halafu mwenye nguo anajivuta taratibu, mguu mmoja mmoja, kama mtu anayevua soksi zilizolowa. Vazi linabaki zima, suruali ya miguu minane, bila zipu wala kishikizo. Na yeye pembeni, mpya, laini, meno meupe, hana nguvu ya kuua hata chawa. Nilimwonea huruma. Nilifikiri, kumbe kukua ni kubaya hivi hata kwa wenye sumu.

Kisha macho yakaanza kunisaliti. Nikawa sioni kama nyenje ameliwa au amejificha. Siku moja nilimwaga maji kwenye udongo nikidhani ni kifuniko. Mama yako alikuwa mlangoni, maana aliapa kutoingia, hakuapa kutochungulia. Akasema, "Toka hapo. Utamuua mtoto wa watu." Akaingia. Hakutoka tena.

Unamjua dada yangu. Hawezi kupita karibu na kitu kinachopumua bila kukiuliza hali. Akaanza kumwamkia. "Umelalaje? Umekula? Mbona leo umenuna?" Buibui alipokataa chakula kwa mara ya kwanza mikononi mwake, dada alikaa bila raha siku nzima, na aliponiuliza nikamjibu kwamba mtoto anafunga ili aingie kwenye suti mpya. Asubuhi iliyofuata tukaikuta ile ngozi nje ya gome la mti analojifichia, mwenyewe kajivua mafichoni humohumo. Mama yako akaishika kwa kibanio, akaitazama kwenye mwanga, akasema, "Kumbe anakua." Niamini, alisema vile wanavyosema wanawake kuhusu wajukuu. Jirani alipouliza habari zako, alianza na za buibui. Za kwako zilikuwa chache, unapiga mwezi kwa mwezi na unaongea kama mtu aliyeegesha gari vibaya. Za buibui zilikuwa za kila siku.

Kwa hiyo ulipomwambia kitu kimoja kimemshinda, ulikosea hesabu. Hicho ndicho kilichokuwa kinampa sababu ya kuchemsha maji asubuhi.

Sasa nifike pale ninapopakwepa tangu tangazo la miwani. Buibui wako hakutoroka. Alikufa, na nitakueleza alivyokufa, kwa sababu mama yako hatakueleza mpaka aingie kaburini.

Ilikuwa siku yangu ya kwenda kuchukua miwani. Kabla sijatoka nikapita chumbani kwako. Macho mabovu, ndiyo, lakini weupe wa ule utando niliuona, umetandikwa vizuri sakafuni mwa kasha, na yeye juu yake ameanza kujipindua. Safari hii hakwenda mafichoni. Amekuwa mkubwa, nadhani gome halikumtosha. Nilijua ni nini. Mtu pekee katika nyumba ile aliyejua ni mimi.

Mama yako alikuwa jikoni. Nikasimama mlangoni nikamwambia, "Dada, mgeni wetu leo anavua nguo zote. Mwenye adabu hachungulii."

Akasema, "Nenda ukachukue miwani yako, na ukimaliza mwambie daktari akupime na akili."

Tukacheka. Nikaondoka nimeridhika, kama kawaida yangu nikishaacha watu wanacheka. Hayo ndiyo maelekezo niliyompa. Ningeweza kusema, "Dada, ukimkuta chali usimguse." Maneno hayo hayana uzito hata wa kifungo. Lakini mimi ni mtu ambaye ukweli ukipita mdomoni mwangu lazima niuvalishe kofia. Mama yako amenionya tangu utotoni, mzaha mzaha hutunga usaha, na yeye, anasema, ndiye atakayeukamua.

Aliingia na maji ya kifuniko akamkuta chali, miguu juu, inatetemeka. Wewe ungeona buibui anajivua. Mimi ningeona suti. Yeye ameishi miaka ya kazi yake yote kwenye wodi ya wanaume, akaona mgonjwa aliyeanguka, hawezi kujigeuza, anahangaika na pumzi. Unajua wauguzi walichofundishwa, nawe umelelewa na mafundisho hayo. Ukiwa na homa alikuwa anakugeuza usingizini mpaka unalia. Mgonjwa asiyejigeuza hugeuzwa, la sivyo mgongo unaoza.

Akanawa mikono hadi viwikoni. Akaleta kijiko cha dawa, pamba na chachi. Akamgeuza kwa kijiko, taratibu, akamlaza kifudifudi. Yule akajitahidi kurudi chali. Akamgeuza tena. Ubavuni akaona pamepasuka, akadhani ni jeraha, akalisafisha kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu. Alipoona hatulii, akakunja chachi vizingo viwili akavitia kila upande, kama wanavyowekewa wazee mito, ili asirudi chali. Akavuta kigoda akakaa naye. Aliuguza kitaalamu kabisa, mpwa wangu. Sidhani kama kuna buibui duniani aliyewahi kuuguzwa vile. Na kila alichokifanya kilikuwa kinamuua.

Nilirudi mchana. Nilikuwa nimejiandaa kwa mzaha mwingine, niingie bila hodi na miwani usoni, niulize kama fundi yupo. Nikaingia chumbani kwako. Daktari wa macho aliniambia nikifika nyumbani nitashangaa nitakavyoona. Kitu cha kwanza nilichokiona ni uso wa mama yako. Sikujua amezeeka hivyo. Miezi mingapi nimekuwa nakaa naye meza moja, nikiuona uso wa zamani kwa sababu ndio nilioukariri?

Halafu nikamwona buibui. Amelala kifudifudi kwenye chachi safi, nusu ndani ya nguo nusu nje, mguu mmoja bado uko kwenye suruali ya zamani. Hakutikisika.

"Mgonjwa mbishi huyu," mama yako akaniambia bila kunitazama. "Kila nikimweka vizuri anarudi chali. Sasa ametulia."

Nikatazama chai yake mezani, imefanya utandu. Nikasema, "Dada, huyu ulimkuta ameshakufa."

Akanigeukia. Unalijua jicho lile, ndilo alilokuwa anamtazamia mgonjwa aliyesema amemeza kidonge huku amekibana chini ya ulimi. "Maiti hairudi chali, mdogo wangu," akasema.

Basi nikamwambia. Nilimwambia vile ulivyoniambia wewe, neno kwa neno, bila kuchombeza. Nadhani ni mara ya kwanza maishani mwetu amenisikiliza bila kusubiri mahali pa kuchekea. Nilipomaliza akauliza, "Ulijua asubuhi?"

"Nilijua."

"Ukaniambia?"

"Nilikuambia."

Akafikiri. "Ule mzaha wa nguo?"

"Ule."

Hakunigombeza. Ningelipa kugombezwa. Alikusanya pamba yake, akaosha kijiko, akakirudisha kwenye kabati ya dawa mahali pake. Kisha akasema, "Tutamwambia ametoroka. Bora anione nilisahau dirisha kuliko ajue kwamba nilimuuguza."

Nilimfunga kwenye kipande cha bitana ya hariri, ile iliyobaki kwenye koti lako, nikamzika kwenye kopo la maua karibu na geti.

Na siku ulipopiga simu, nimeshakuambia nilikuwa wapi. Nilikuwa hatua chache, sindano mkononi, miwani usoni, naona kila kitu. Ningeinuka tu, nikachukua simu, nikasema, "Mpwa wangu, ni mimi." Sikuinuka. Nilisikia unamwambia maneno yale, nikasikia anaomba msamaha wa dirisha lenye wavu, nami nikaendelea kulikunja pindo la mtu. Nilijiambia kwamba nisipoingilia namwachia heshima yake. Uongo. Niliogopa usije ukaacha kunipenda. Ndiyo hivyo, sasa unajua.

Kwa hiyo yale maneno uliyomrushia yana mwenyewe, na mwenyewe ndiye huyu anayekuandikia. Yarudishe hapa. Namba ni ileile. Sema nipe mjomba, nitasogea pembeni unitukane kwa nafasi.

Lakini yeye mpigie. Usiombe radhi kwa mbwembwe, atajua nimeandika. Wala usimtaje buibui mpaka amtaje yeye. Muulize magoti. Muulize kama mvua imekoma, muulize chochote, ila kaa kwenye simu mpaka yeye ndiye aseme sasa nenda, mwanangu, utachelewa. Sikuombi urudi. Miezi sita yako naiona imeshazaa na kujukuu, na siwezi kumlaumu mtu kwa kutafuta maisha. Naomba sauti tu. Hiyo haihitaji likizo.

Mkazamjomba wako anakusalimu, anasema unenepe kidogo ili koti likukae. Muuza maji anakusalimu, anauliza tusi jipya. Mwalimu wa hesabu naye alikusalimu, kabla hajahamia kwa fundi mwingine. Mama yako hajui kama naandika, kwa hiyo hana salamu kwenye barua hii. Ila leo asubuhi nimepita chumbani kwako nikamkuta ameinama juu ya kasha tupu, anabadilisha maji kwenye kile kifuniko. Hakuniona. Hilo lichukue badala ya salamu zake.

Mola akulinde na baridi, akupe kazi isiyokuvunja mgongo, na watu wa kukuambia ukweli ukiwa umevaa nguo zake za kawaida.

Wako akupendaye, hata ukininunia,

Mjomba wako,
fundi mwenye miwani.